UZI: Mama yangu aliambiwa ainue nguo mbele ya foleni ya uwanja wa ndege. Ukaguzi unaishia wapi na mwili wa mtu unaanzia wapi?

#1 BintiPangani (mleta uzi)

Salaam wanajamvi.

Wiki tatu zilizopita nilimsindikiza mama kwenda India kwa matibabu. Ana miaka 67. Mwaka jana alikatwa sehemu ya utumbo, na tangu hapo anatembea na mfuko wa choo uliobandikwa tumboni upande wa kushoto. Wanaojua hawazidi watu sita. Hata mjomba wangu, kaka yake wa tumbo moja, hajui.

Uwanja sitautaja. Tulivua viatu, tukaweka mikoba kwenye trei. Mama ana bangili ya fedha aliyovishwa siku ya ndoa yake, haitoki mpaka kwa sabuni. Akapita langoni, likalia. Akarudishwa, likalia tena. Nikasema ni bangili. Akaja askari wa kike, binti mdogo tu, akaanza kumpapasa. Mkono ulipofika tumboni akashtuka: "Hiki nini?" Mama kimya. Nikasogea nimnong'oneze, nikaambiwa nirudi nyuma ya mstari. Kisha: "Mama, inua nguo tuone."

Palepale. Nyuma yetu watu kama arobaini, wake kwa waume. Mama alishika baibui kwa mikono miwili akaanza kuivuta juu pole pole, kama mtu anayevuka maji. Ikaja kanga ya ndani, ukaja mfuko. Yule binti akageuza uso pembeni, akasema "haya pita."

Mama hakulia. Aliomba kanga nyingine kwenye mkoba akajifunga juu ya baibui, joto lote lile. Kwenye ndege hakugusa maji, asije akalazimika kwenda msalani kupita mbele za watu.

Sipingi ukaguzi. Ndege ni chombo ambacho mtu mmoja mwenye nia mbaya anaweza kuwaua watu mia mbili. Lakini mkoba ni mzigo, mwili wa mama yangu si mzigo. Nani aliandika kwamba lazima iwe hivi? Na tukidai stara, tunahatarisha wenzetu?

#2 Kipanga wa Kibaha

Pole sana dada. Mpe mama pole zetu.

#3 MzeeWaZamu

Pole binti yangu. Nimefanya kazi ya ukaguzi wa abiria miaka 19, nimestaafu. Nitakuambia kama mtu wa ndani.

Yule binti alikosea, na alikosea kwa jambo tulilokuwa tunafundishwa wiki ya kwanza. Ukigusa kitu usichokielewa mwilini mwa abiria hufunui hadharani. Unamwita mwenzako wa jinsia ileile na ya abiria, mnampeleka chumba cha faragha, na abiria ana haki ya kuwa na mtu wake. Na huo mfuko haufunuliwi hata chumbani. Abiria mwenyewe anaugusa kwa nje, kisha unafuta vidole vyake kwa kile kitambaa maalumu, unakitia kwenye mashine ya kunusa baruti. Dakika mbili, umemaliza.

Ila naomba jamvi lijue upande wa pili. Foleni ya watu arobaini ni watu arobaini wanaokupigia kelele. Msimamizi anakuuliza kwa nini laini yako haisogei. Ukikwenda chumbani na mwenzako, laini inabaki na watu wawili badala ya wanne. Ndipo mtu anachagua njia ya mkato, na njia ya mkato inapita juu ya heshima ya mtu.

#4 Mtoto wa Kisauni

Mama apate nafuu dada. Lakini nitasema ambalo wengine hawatalisema: bora aibu kuliko msiba. Mnakumbuka ile ndege ya Ethiopia iliyoanguka Komoro? Watu waliingia na bomu kwa sababu enzi zile Afrika hakuna aliyesachiwa. Tulimpoteza Mohamed Amin pale, mpigapicha aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia. Wangesachiwa mpaka soksi, leo tungekuwa na mzee wetu.

#5 NahodhaKando

#4 ndugu yangu, tuseme yaliyotokea. Ethiopian 961, tarehe 23 Novemba 1996, Boeing 767 kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Watekaji walikuwa watatu na hawakuwa na bomu. Walichodai ni bomu kilikuwa chupa ya kileo. Silaha waliyotumia ni shoka na mtungi wa kuzimia moto, vyote mali ya ndege yenyewe. Walitaka kupelekwa Australia, rubani akawaambia mafuta hayafiki, hawakumwamini. Mafuta yakaisha, ndege ikatua majini karibu na ufukwe wa Ngazija. Ndani walikuwa 175, wakafa 125.

Hebu niambie, ungemsachi nani mpaka soksi ulikute lile shoka? Lilikuwa limeshaingia kabla ya abiria.

Na hapa naomba kila anayesafiri asome: baadhi ya waliokufa waliokoka kishindo lakini walikuwa wamejaza hewa maboya yao wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, boya likawabana juu darini wakashindwa kupiga mbizi kutoka. Boya linajazwa ukishatoka mlangoni.

#6 Mtoto wa Kisauni

Nimekusoma nahodha. La shoka sikulijua, nimejifunza. Lakini hoja yangu ya msingi sijaiondoa.

#7 Kamusi ya Sheria

Dada mleta uzi, kwa kuwa umetaja stara, nianze na Katiba ya Tanzania. Ibara ya 16(1): "Kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi..." Halafu ibara ndogo ya pili inataka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kisheria kuhusu hali, namna na kiasi ambacho haki hiyo inaweza kuingiliwa. Zingatia hayo maneno matatu. Kuingiliwa kunaruhusiwa, lakini kwa *namna* na kwa *kiasi*. Langoni hali ilikuwepo, kengele imelia. Namna na kiasi ndivyo vilivyokosekana.

Wakenya wameandika wazi zaidi. Ibara ya 31 ya Katiba yao ya 2010 inamlinda mtu asipekuliwe mwili wake, nyumba yake wala mali yake, na ibara ya 24 inasema haki hiyo ikipunguzwa lazima ipunguzwe kwa sheria na kwa kipimo kinacholingana na sababu.

Hata mtuhumiwa wa jinai ana stara yake. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa kuzingatia heshima. Iweje mgonjwa mwenye tiketi apate kidogo kuliko mtuhumiwa?

#8 Gongo la Mboto Juu

Kwani ukinunua tiketi si umekubali? Hakuna aliyelazimishwa kupanda ndege. Hutaki kusachiwa, panda basi.

#9 BintiPangani

Basi la kwenda Chennai linaondokea stendi gani, kaka yangu?

#10 Gongo la Mboto Juu

Hapo umenifunga. Nasalimu amri.

#11 Kamusi ya Sheria

Usisalimu mapema mkuu, hoja yako ina wazee wake. Marekani mahakama zilianza na njia hiyohiyo ya "umekubali mwenyewe". Mwaka 1973, kesi ya Davis, mahakama ya rufaa ikasema upekuzi wa uwanjani unaruhusiwa, lakini abiria awe na nafasi ya kugeuka na kwenda zake asiposafiri. Mwaka 2007, kesi ya Aukai, mahakama ileile ikageuza: ukishaanza mchakato huwezi kusema nimeghairi. Sababu yao ni kwamba gaidi angekuwa anajaribu lango, akiona linambana anarudi nyumbani, kesho anakuja tena. Kwa hiyo siku hizi msingi si ridhaa yako. Ni kwamba upekuzi una lengo la usalama wa ndege na usizidi hapo.

Hilo la "usizidi hapo" ndilo linalonisumbua. Utajuaje limezidi, wakati kanuni zenyewe husomi? Msingi wa dunia ni Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, ule mkataba wa mataifa kuhusu usafiri wa anga, kilichopitishwa 1974. Hicho unaweza kukipata. Lakini mwongozo wa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, unaoeleza askari afanye nini, wapi, kwa mkono gani, hautolewi kwa kila mtu. Kule Marekani tajiri mmoja wa kompyuta, John Gilmore, alishtaki akitaka aonyeshwe kanuni inayomlazimu atoe kitambulisho ndipo asafiri. Mwaka 2006 akashindwa, na kanuni ikabaki siri. Mwananchi anawezaje kudai kipimo asichoruhusiwa kukiona?

#12 MzeeWaZamu

Mwanasheria, siri ile ina sababu. Nikikuandikia hapa kwamba tunampapasa kila abiria wa ngapi na hatugusi wapi, nimemwandikia na adui.

#13 Kamusi ya Sheria

Mzee wangu, naheshimu. Lakini umetueleza vizuri kabisa pale #3 kuhusu chumba, mtu wa karibu na kitambaa, na hakuna ndege iliyoanguka. Yale yanayomhusu abiria mwenye ugonjwa yabandikwe ukutani, kwa Kiswahili, kabla ya lango. Ratiba ya nani anapapaswa ibaki yenu.

#14 Nesi wa Minneapolis

Habari zenu. Mimi niko Marekani, nahudumia wagonjwa wenye mifuko hiyo kila wiki. Dada, jambo hili si la Afrika peke yake, usije ukadhani ni ushamba wetu. Mwaka 2010 kule Detroit mzee mmoja aliyepona saratani ya kibofu alipapaswa mpaka mfuko wake wa mkojo ukafunguka, akapanda ndege nguo zikiwa zimelowa. Mkuu wa TSA, idara ya Marekani inayokagua abiria, alimpigia simu kumwomba radhi.

Na sisi wenye nywele zetu tunajua mengine. Mwaka 2019 waandishi wa ProPublica walieleza jinsi mashine za mwili mzima zinavyolia hovyo kwa mitindo ya nywele za wanawake weusi. Nikisuka rasta, kila safari mkono wa mtu unaingia kichwani mwangu. Nikinyoa, napita bila neno. Hata pedi ya hedhi inaweza kuwekewa alama ya njano kwenye kile kioo. Unasimama mikono juu, kikaragosi chako, yaani mchoro wa umbo la mtu kwenye kioo, kina kiraka katikati ya miguu na kila aliye karibu anakiona.

#15 Kipanga wa Kibaha

Dada nesi, hizo mashine si ndiyo zinazopiga picha mtu akiwa uchi? Nilisikia kuna mtu anakaa chumbani anaangalia.

#16 Nesi wa Minneapolis

Zilikuwepo. Aina mbili: moja ilitumia eksirei hafifu inayorudi kutoka kwenye ngozi, nyingine mawimbi ya milimita. Kweli mwanzoni kulikuwa na ofisa kwenye chumba kingine anayeona umbo lako lote. Shirika la EPIC, watetezi wa faragha, likashtaki, na 2011 mahakama ikasema TSA iliziweka bila kuwapa wananchi nafasi ya kutoa maoni kama sheria inavyotaka. Bunge nalo likadai programu inayochora kikaragosi badala ya mwili. Kampuni ya zile za eksirei ikashindwa kuitengeneza kwa muda uliowekwa, mwaka 2013 zikaondolewa. Zilizobaki ni za mawimbi, zinaonyesha kikaragosi kimoja kwa wote.

Ulaya walitangulia: kanuni ya 2011 ilikataza za eksirei, ikakataza kuhifadhi picha, na ikampa abiria haki ya kukataa skana akapapaswe badala yake.

Nililojifunza hapo ni kwamba watu walilalamika, mashine ikabadilishwa, na ndege haikuacha kuruka.

#17 Bushiri wa Ilala

Samahani kwa kuuliza jambo dogo. Viatu je? Tangu siku ya Septemba 11 tunavua viatu. Mimi nina vidonda vya sukari miguuni, ile sakafu inanipa hofu.

#18 NahodhaKando

Mzee Bushiri, kwanza usikanyage sakafu ile bila soksi. Omba kiti na uwaeleze una kisukari.

Pili, viatu havikuanza na Septemba 11. Vilianza na Richard Reid, aliyejaribu kuwasha baruti kwenye kiatu tarehe 22 Desemba 2001, ndege ya Paris kwenda Miami. Na Marekani walilazimisha wote kuvua mwaka 2006 tu. Julai 2025 wakaiondoa kanuni hiyo. Kwa hiyo jambo la mtu mmoja liliwavua mamilioni viatu karibu miaka ishirini. Vimiminika hivyohivyo: Agosti 2006 Waingereza walikamata njama ya kulipua ndege za kuvuka Atlantiki kwa chupa za soda, ndiyo ikaja kanuni ya mililita mia moja.

#19 Gongo la Mboto Juu

Kanuni hiyo ya mililita mia moja ndiyo iliyokula samli ya mama mkwe wangu. Lita mbili, imetoka Singida, imepikwa kwa siku mbili. Nilimwona askari anaiweka kwenye pipa kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, na bado iliniuma.

#20 Shangazi wa Muscat

Samli weka kwenye begi la chini, mwanangu, ifunge kwa nailoni mara tatu. Sisi huku udi na halua vinakwenda chini, havina matatizo.

Nimesoma uzi wote. Mimi nimeishi Ghuba miaka 30, nimepita viwanja vyote. Lakini kuna jambo la Doha, Oktoba 2020, hamjalitaja. Kichanga kilikutwa kimetupwa kwenye pipa la uwanjani. Kikaokolewa, alhamdulillah. Wakashusha wanawake kutoka kwenye ndege kadhaa, wakawapeleka kwenye magari ya wagonjwa palepale kiwanjani, wakawakagua sehemu za siri kutafuta nani amejifungua. Hawakuelezwa sababu, hawakuulizwa ridhaa. Serikali ya Qatar iliomba radhi, baadhi ya wanawake wa Australia wakaenda mahakamani kwao.

Naliweka hapa kwa sababu halikuwa la usalama wa ndege hata chembe. Ilikuwa upelelezi wa jinai. Ila kwa kuwa watu wako ndani ya uwanja na wamezoea kutii, wakafuata. Mtu mwenye sare akisema "njoo" uwanjani, hakuna anayeuliza kwa nini. Mama yako naye hakuuliza, mwanangu. Hilo ndilo lililonitoa machozi.

#21 BintiPangani

Shangazi, umenigusa palepale. Nilimuuliza baadaye, mama kwa nini hukusema nipelekeni chumbani. Akaniambia: "Niliogopa wasije wakaturudisha, dawa ziko kule."

#22 Mwana Parklands

Pole sana mama. Mimi naona kila mtu anamlaumu askari mmoja. Askari anafuata presha inayotoka juu, na juu hakuko Dar wala Nairobi.

Sisi Kenya tulitaka ndege ya moja kwa moja kwenda New York. Cheti cha Wamarekani kilipatikana Februari 2017, safari ikaanza Oktoba 2018. Kabla ya hapo wakaguzi wao walikuja mara ngapi JKIA, uwanja wetu wa Nairobi, kusema tenganisheni hiki, ongezeni kile. Pale getini barabarani tunashuka kwenye gari, dereva anapita peke yake, sisi tunapita kwenye lango kwa miguu, mvua iwe inanyesha au jua linawaka. Halafu unakaguliwa tena mlangoni, tena kabla ya kupanda. Nchi inayopokea ndege ndiyo inayoamua mwili wako ukaguliwe vipi mahali unapoondokea. Na mimi sikumpigia kura mbunge wa Washington.

#23 Mtoto wa Kisauni

#22 lile geti la barabarani usiwape Wamarekani peke yao. Na sisi tuna hofu yetu, tuna Westgate, lile jengo la maduka Nairobi lililovamiwa 2013, wakafa watu 67. Na Mombasa tuna kumbukumbu yetu pia: Novemba 2002, siku hoteli ya Kikambala ilipolipuliwa, waliirushia makombora ndege ya Arkia ya Israeli, iliyokuwa ndiyo kwanza imeruka kutoka uwanja wa Moi. Yalikosa. Nilikuwa shule ya msingi. Ndiyo maana maneno yangu ni makali. Nikisikia "faragha" nakumbuka moshi ule.

#24 Mwana Parklands

Naelewa jirani. Lakini yale makombora yalirushwa kutoka nje ya uzio. Lango gani la kupapasa lingeyaona?

#25 Mtoto wa Kisauni

Hakuna. Lakini ukilegeza lango kwa sababu halizuii kila kitu, umezuia nini?

#26 Mchunguzi Huru

Nitaingilia hapo. Swali si kulegeza, swali ni kama lango linazuia hata kile linachodai kuzuia. Mwaka 2015 ilivuja taarifa ya majaribio ya siri kule Marekani: wakaguzi wa wizara yao wenyewe walijaribu kupitisha silaha na mabomu bandia mara 70, wakafaulu mara 67. Huko ndiko kwenye skana na kila kitu. Kaimu mkuu wa TSA akahamishwa kazi.

Na yule Mnigeria wa Krismasi 2009, aliyeficha baruti kwenye chupi, alipanda Lagos na wakaguzi wa huko hawakumnasa.

#27 NahodhaKando

Rekebisho kwa #26. Umar Farouk Abdulmutallab alipitia Lagos, kweli, lakini alikaguliwa tena Amsterdam ndipo akapanda ya Detroit. Tusiwaachie Walagos mzigo wote. Baruti yake ilikuwa unga, na lango la chuma linalilia chuma tu. Lingelia kwa bangili ya mama yetu na lisilie kwa yule kijana.

Na kuna kubwa zaidi. Baba yake mzazi alikwenda ubalozi wa Marekani Abuja mwezi mmoja kabla, akawaambia mwanangu amebadilika, nina wasiwasi naye. Taarifa ilikuwepo ofisini. Bomu likashika moto bila kulipuka, na abiria wenzake wakamdhibiti. Baada ya hapo ndipo skana za mwili zikasambazwa kwa kasi duniani. Baba alisema, hawakumsikia, wakaja kutukagua sisi.

#28 MzeeWaZamu

Hapo nahodha umepiga penyewe. Na mimi niwape la Mogadishu, Februari 2016, ndege ya shirika la Daallo. Bomu lilikuwa ndani ya kompyuta mpakato. Ndege ikatoboka ubavuni ikiwa bado inapanda, aliyelibeba akatupwa nje, rubani akairudisha salama na abiria wakapona. Kamera zilionyesha abiria yule akikabidhiwa ile kompyuta *baada* ya ukaguzi, na watu waliokuwa wanafanya kazi uwanjani. Mahakama ya kijeshi ya Somalia iliwafunga maisha watu wawili, mmoja wao aliwahi kuwa ofisa usalama wa uwanja.

Miaka yangu 19, hofu yangu kubwa haikuwa bibi mwenye baibui. Ilikuwa mwenzangu mwenye kitambulisho shingoni ambaye hajalipwa miezi mitatu.

#29 Bushiri wa Ilala

Enyi, na sisi 1982 tulitekewa ndege yetu. Ya ATC, Shirika la Ndege Tanzania, kutoka Mwanza kuja Dar. Ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, mpaka Uingereza, Stansted. Walimtaka Mwalimu ajiuzulu. Nilikuwa karani Mwanza wakati huo. Kabla ya hapo ulikuwa unakwenda na mtu wako mpaka karibu na ngazi ya ndege, unampungia kitambaa. Hayo yaliisha.

#30 Kipanga wa Kibaha

Mzee Bushiri una hazina, fungua uzi wake tuje kusoma.

#31 Mwana Parklands

Kuna jambo tunaliruka: tunabishana kuhusu mikono wakati kamera zinakuja. Uso wako unapigwa picha mlangoni, unalinganishwa na pasipoti, basi umepita. Hakuna aliyekugusa, hakuna aibu. Lakini ule uso unakwenda wapi? Mikono ya askari inasahau, kompyuta haisahau.

#32 Kamusi ya Sheria

Kwa hilo tunazo sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, tuzitumie. Kenya ya 2019. Tanzania ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Alama za mwili ni taarifa nyeti. Una haki ya kuuliza zimekusanywa kwa lengo gani na zitakaa muda gani. Ila sheria zote mbili zina milango ya "usalama wa taifa", na mlango huo ni mpana.

#33 Shangazi wa Muscat

Mimi nitawashangaza: kamera naipenda. Ninavaa nikabu. Zamani nilikuwa navutwa pembeni kila safari, nasubiri atafutwe mwanamke, wakati mwingine nusu saa nimesimama kama mshtakiwa. Sasa nafunua uso mbele ya mashine sekunde mbili, nashusha, napita. Kwangu mimi stara ni kutoonwa na mwanaume wa mtu. Mashine si mwanaume.

#34 Mwana Parklands

Shangazi, nyuma ya mashine kuna mtu.

#35 Shangazi wa Muscat

Yupo mbali, mwanangu. Wa foleni yuko karibu.

#36 Nesi wa Minneapolis

Mnaona? Ndiyo maana sheria moja kwa wote haitoshi. Shangazi anachagua kamera, mimi nachagua mkono wa mwanamke chumbani, mwingine atachagua skana. Apewe kuchagua.

#37 Mtoto wa Kisauni

Na gaidi naye achague?

#38 Nesi wa Minneapolis

Achague. Njia zote tatu ziwe zinamkamata. Kama mojawapo haimkamati, basi tatizo ni hiyo njia, si uchaguzi.

#39 Mtoto wa Kisauni

Hilo jibu nalala nalo.

#40 BintiPangani

Wakuu, mrejesho. Tunarudi keshokutwa. Mama ameendelea vizuri, anakula. Daktari wa huku ametuandikia barua: ana mfuko wa upasuaji, usifunguliwe wala kubanwa, akaguliwe faragha. Nimeilaminisha. Nimemwandikia pia kikaratasi kidogo kwa Kiswahili akikunje kiganjani, ili akishindwa kusema akitoe tu. Mwenyewe ameniambia nifute neno "mgonjwa" niweke "abiria".

Bangili tumeitoa leo asubuhi kwa sabuni. Ilichukua kama robo saa. Mkono umebaki na alama nyeupe, anaishikashika.

Mzee wa Zamu, nikifika pale nimwite nani? Askari wa langoni au msimamizi wake?

#41 MzeeWaZamu

Msimamizi, binti yangu. Mtamtambua, ndiye asiyegusa mizigo, anasimama nyuma ya mwisho wa mkanda. Mwende mapema, saa tatu kabla, foleni ikiwa fupi. Na mzungumze naye *kabla* mama hajapita langoni. Barua aishike mama mwenyewe, usimshikie wewe.

#42 Bushiri wa Ilala

Na mimi mwenye vidonda vya miguu, barua kama hiyo naiomba kwa daktari wa hospitali ya wilaya au lazima bingwa?

#43 Nesi wa Minneapolis

Wa wilaya anatosha mzee wangu, mradi ina muhuri na tarehe. Omba nakala mbili, moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza.